Tathmini: Mwongozo wa Adhabu wa 2013 kwa jicho la jamaa anayengoja hukumu

Mwongozo wa Adhabu wa Mahakama za Uganda wa mwaka 2013, unaopatikana bure kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, uliandikwa kwa ajili ya majaji na mahakimu. Mimi nautathmini kwa niaba ya jamaa aliyekaa nje ya Mahakama Kuu akingoja hukumu ya kesi ya mauaji, kwa sababu huyo anauhitaji sana na mara nyingi hajaambiwa kwamba upo.

Kabla ya Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho kwa rufaa, kuamua mnamo Januari 2009 kesi ya Susan Kigula na wenzake, wafungwa waliopinga adhabu ya kifo, aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo tu, na jaji hakuwa na nafasi ya kupima mazingira ya kosa wala hali ya mkosaji. Uamuzi ule uliondoa ulazima wa adhabu hiyo bila kuifuta, na majaji wakabaki na uhuru mpana usiokuwa na kipimo cha pamoja. Mwongozo ulileta kipimo hicho: kuua kwa kukusudia huanzia kifungo cha miaka 35, na jaji aweza kushuka hadi 30 au kupanda hadi kifo; kuua bila kukusudia huanzia miaka 15, na wigo wake ni kati ya miaka 3 na kifungo cha maisha. Haumfungi jaji, na naona ni sawa.

Ninachokithamini kuliko vyote ni kwamba unaitaka mahakama izingatie maelezo kuhusu athari za kosa kwa aliyetendewa na kwa jamii. Mjane wa aliyeuawa, anayedhani kazi yake imekwisha alipomaliza kutoa ushahidi kizimbani, anapaswa kulijua jambo hili mapema, ili amwombe mwendesha mashtaka ayafikishe maelezo yake mbele ya jaji kabla adhabu haijatamkwa.

Dosari kubwa ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria, na mtu wa Busia au Arua asiyekuwa na wakili hawezi kuufuata peke yake. Tena, wigo unaotoka miaka 30 hadi kifo ni mpana mno kumpa jamaa matarajio yoyote ya uhakika.

Anayeupakua asiuache peke yake. Asome pia hukumu ya Rwabugande Moses ya Machi 2017, ambamo Mahakama ya Juu ilisema kuwa muda wa rumande, ambao Ibara ya 23(8) ya Katiba yataka uzingatiwe, lazima utolewe kwenye adhabu kwa hesabu kamili: aliyestahili miaka 35 na akakaa rumande miaka 5, hubakiwa na miaka 30 ya kutumikia.