Denari au silikwa: sarafu mbili za fedha za Kirumi ardhini

Katika mashamba ya Uingereza, denari ya Augusto ndiyo rahisi kuinasa kwa kigunduzi cha metali: nene, gramu 3.9 hivi, upana milimita 18 au 19, mlio thabiti. Doa la kijani pembeni? Huenda ni ghushi, shaba iliyovikwa fedha.

Silikwa ya karne ya 4 ndiyo hupotea. Ina takriban gramu 2, nyembamba, na nyingi zilikatwa kingo. Mlio hushuka, mtu huuruka akidhani ni karatasi ya alumini. Chimba! Kisha suuza kwa maji tu, maana ukiisugua hupasuka. Hazina ya Hoxne, iliyochimbuliwa Uingereza mwaka 1992, ilikuwa na silikwa zaidi ya 14,000.

Ukipata mbili pamoja, sheria ya hazina ya Uingereza ya 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa.