Privacy Badger: kiendelezi ninachokiweka kwenye kila kompyuta inayopita mikononi mwangu

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu. Huletwa zikiwa nzito, zimejaa virusi, au mwenyewe kasahau nywila. Kabla sijairudisha mashine kwa mwenyewe humwomba ruhusa niweke Privacy Badger kwenye kivinjari chake. Ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, na kazi yake ni kuwazuia wanaokufuatilia mtandaoni. Ni cha bure, na kukisakinisha hakuchukui hata dakika moja. Naandika haya kwa sababu wengi wakishakipata hudhani kuwa sasa hawaonekani tena mtandaoni. Wanaonekana bado, ila kwa watu wachache zaidi, na kwangu tofauti hiyo ni kubwa.

Ukurasa mmoja unaoufungua hautoki kwenye seva moja. Maandishi ni ya mwenye tovuti, lakini ndani yake mmepachikwa vipande vya kampuni nyingine kabisa: tangazo, kitufe cha mtandao wa kijamii, na mara nyingi picha ya pikseli moja ambayo jicho haliioni, iliyowekwa ili seva ya mbali ijue kwamba umefika. Kampuni moja ikiwa na kipande chake kwenye tovuti ya habari, ya dawa na ya kutafuta kazi, huziunganisha ziara zako zote kwa kidakuzi kimoja, yaani faili dogo linalohifadhiwa kwenye kivinjari chako. Lou Montulli alipobuni vidakuzi akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1994, haja ilikuwa tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake, kwa mfano alichotia kwenye kapu la manunuzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kilichowekwa kwa ajili ya kukuhudumia ndicho kilichogeuzwa kuwa cha kukuandama.

Privacy Badger ni kazi ya Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka 1990. Toleo la majaribio lilitoka 2014, na la 1.0 likafuata Agosti 2015. Kinachonivutia zaidi ni namna kinavyohukumu. Viendelezi vingi vya kuzuia matangazo hutegemea orodha zinazoandikwa na watu, mstari kwa mstari. Hiki huangalia mwenendo. Kikoa cha mtu wa tatu, yaani anwani ya kampuni ambayo si mwenye tovuti, kikionekana kinamfuatilia msomaji kwenye tovuti tatu tofauti, kinafungiwa. Haijalishi ni cha nani. Kufuatilia huko ni pamoja na vidakuzi vyenye namba ya kumtambulisha mtu, data iliyofichwa kwenye hifadhi ya kivinjari, na ile hila ya kukiamuru kivinjari kichore picha isiyoonekana ili namna kinavyoichora iwe kitambulisho. Tangazo lisilofuatilia mtu linaachwa lipite. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote, maana waandishi wengi wadogo wanaishi kwa matangazo, na ugomvi wangu haujawahi kuwa nao.

Zamani kila Badger ilijifunza yenyewe kutokana na tovuti alizotembelea mwenye kompyuta. Mwaka 2020 wataalamu wa usalama wa Google waliwaonyesha watengenezaji kwamba mafunzo hayo yenyewe yanaweza kutumika kumtambua mtu: tovuti yenye nia mbaya ingeweza kuichokoza Badger izuie vikoa fulani, kisha ikatumia mchanganyiko huo kama alama. Oktoba mwaka huohuo shirika likazima mafunzo ya mtu mmoja mmoja na kulieleza jambo hilo hadharani. Sasa Badger zote hupokea orodha moja inayotokana na roboti yao, Badger Sett, inayopita kwenye maelfu ya tovuti kubwa na kujifunza kwa niaba ya wote. Ukitaka mfumo wa zamani, upo kwenye mipangilio, lakini mimi siuwashi kwa mteja yeyote. Mtengenezaji anayekubali kuizima sifa iliyompa jina kwa sababu imeonekana kuwa na hatari, huyo namwamini.

Wateja wangu huelewa haraka nikiwafungulia ukurasa mbele yao. Mama mmoja mtu mzima alileta kompyuta yake akilalamika kwamba matangazo ya dawa za kisukari yanamfuata kila anakokwenda. Nilifungua tovuti ya maelezo ya afya aliyozoea kuisoma, nikabonyeza ile sura ya mnyama mwenye mistari juu ya kivinjari. Orodha ya vikoa ikashuka, kila kimoja na kitelezi chake. Chekundu maana yake kimezuiwa kabisa. Cha njano kinaruhusiwa kupakia kwa sababu ukurasa unakihitaji, lakini vidakuzi vyake vimekatwa. Cha kijani kimeachwa. Aliyasoma majina yale kwa sauti, moja baada ya jingine, halafu akaniuliza, "Hawa wote wanajua nina sukari?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwambia kwamba walioko kwenye wekundu hawapati tena habari za ukurasa huu kutoka kwenye kompyuta hii, na kwamba walichokwisha kukusanya hakirudi.

Jambo jingine ninalolipenda ni vile vitufe na video za mitandao mingine. Badala ya kuviacha vipakie vyenyewe, Badger huweka kibandiko mahali pake na kukupa hiari: uruhusu mara hii tu, au uruhusu daima kwenye tovuti hii. Yaani kampuni ya mbali haijui uko hapo mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Pia hutuma ishara ya Global Privacy Control, inayoiambia kila tovuti kwamba hukubali data zako ziuzwe. Huko California ishara hiyo ina nguvu ya sheria: mwaka 2022 Sephora, wauzaji wa vipodozi, walikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri la mwanasheria mkuu wa jimbo, na mojawapo ya madai lilikuwa kuipuuza. Kwingineko kusiko na sheria ya namna hiyo, tovuti inaweza kuifumbia macho.

Sasa kasoro. Mara mojamoja ukurasa hugoma: fomu ya malipo haifunguki, au kuingia kwa akaunti ya mtandao mwingine kunakwama. Kuna kitufe cha kuizima kwa tovuti hiyo peke yake, na huwa nahakikisha mteja amekibonyeza kwa mkono wake kabla hajaondoka. La sivyo akikwama mara moja ataing'oa yote.

Kasoro kubwa zaidi ni ile alama ya kidole ya kivinjari. Fonti ulizo nazo, ukubwa wa skrini, lugha na saa za eneo, vikijumlishwa, vinaweza kukutambulisha bila kidakuzi chochote. Shirika hilohilo liliwahi kupima vivinjari 470,161, na katika matokeo ya 2010 asilimia 83.6 vilikuwa na alama isiyofanana na ya kingine chochote. Kipimo hicho leo kinaitwa Cover Your Tracks, na kinakuambia wazi umelindwa wapi na wapi hujalindwa. Badger inazikamata baadhi tu ya hila hizi. Anayehitaji ulinzi wa kweli upande huo, kama mwandishi anayelinda vyanzo vyake, atumie Tor Browser, ambayo imekusudiwa kuwafanya watumiaji wote wafanane.

Kwa watu wengine ninaiweka ndani ya Firefox, ambayo tangu 2022 hukitenga kila kidakuzi kwenye tovuti kilikotoka. Mteja akisema haachi Chrome, namwekea hukohuko, na hapo ndipo inapofanya kazi nyingi zaidi, kwa kuwa Google walitangaza mwaka 2020 kwamba wataviondoa vidakuzi vya watu wa tatu, kisha 2024 wakaachana na mpango huo.

Kwenye simu mambo ni magumu. Firefox ya Android inaipokea Badger vizuri. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa, na kwa Safari haipo. Na popote ulipo, Badger haioni ndani ya programu nyingine za simu, haifichi anwani yako ya intaneti, wala haizuii duka ulilojisajili lisijue ulichonunua. Mteja akiniuliza kuhusu hayo, tunakaa tena na kuanza na mipangilio ya simu yenyewe: ruhusa za mahali, kisha kitambulisho cha matangazo.