Uzoefu wangu na maboksi ya michezo ya kujifunza yanayoletwa kila mwezi

Wazazi wengi wanaulizana kama haya maboksi ya michezo ya kujifunza yana faida kweli au ni hela tu inakwenda. Binti yangu wa miaka saba ameyapokea kwa muda wa kutosha mimi kuwa na la kusema. Nyumbani yupo pia mdogo wake wa miaka miwili, na hilo lina uzito wake, nitalifikia.

Kwa asiyeyafahamu: unajaza umri wa mtoto, unaweka namba ya kadi ya benki, halafu kila mwezi linakuja boksi lenye kazi moja au mbili za mikono, vifaa vyote vimo hadi gundi, pamoja na kijitabu cha maelekezo. Biashara yenyewe si ya jana. KiwiCo ya Marekani ilianza mwaka 2011, na sasa kampuni za namna hii ni nyingi, nyingine za sayansi, nyingine za uchoraji, nyingine za watoto wachanga kabisa. Tuliyojiunga nayo sitaitaja.

Boksi lililonivutia kuliko yote lilikuwa la winchi inayoendeshwa kwa maji. Ndani mlikuwa na mabomba ya sindano yasiyo na sindano, mirija myembamba ya plastiki na vipande vya mbao. Unajaza maji, unaunganisha mabomba mawili kwa mrija, ukisukuma huku kule kunainuka. Binti yangu aliunganisha kila kitu kama picha ilivyoonyesha, akasukuma, mkono wa winchi ukatetemeka kidogo na kubaki palepale. Kijitabu hakikuwa na neno juu ya hilo. Akainama kuuchunguza mrija, akaona kipovu cha hewa kimekaa katikati, urefu wake kama ukucha. Akisukuma, kinafinyika. Akiachia, kinatanuka tena. "Mama, hewa inakula nguvu yangu," akaniambia. Nikanyamaza makusudi. Akachomoa mrija, akauzamisha kwenye beseni, akauunganisha humohumo ndani ya maji, na winchi ikainua mzigo.

Hewa inabanika, maji karibu hayabaniki kabisa. Fundi wa magari anayetoa upepo kwenye breki anapambana na kipovu kilekile. Baadaye binti yangu alibadilisha mabomba mwenyewe, dogo likawa upande wake na kubwa upande wa mzigo, akaona mzigo mzito unainuka kwa wepesi ila kwa umbali mfupi tu. Hakuna aliyemwambia. Kwa boksi hilo peke yake ningeipa huduma hii alama zote.

Tatizo ni kwamba akiwa bado yumo kwenye winchi, boksi la mwezi uliofuata likafika. Akaliacha lile akalifungua hili, akaunganisha haraka, akauliza jingine linakuja lini. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, na sijaona wazazi wengi wakilisema. Boksi linakwenda kwa tarehe za kampuni, mtoto anakwenda kwa mwendo wake. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, aliandika jinsi watoto walivyorudia kazi ileile mara nyingi bila kujali yanayoendelea pembeni, mpaka waliporidhika wenyewe. Kampuni inayoweka jina lake kwenye tangazo ingeanza kwa kumpa mtoto muda huo.

Na si maboksi yote yalikuwa kama la winchi. Mengine vipande vilishakatwa, rangi zilishachaguliwa, kazi ya mtoto ni kubandika tu ili kitu kifanane na picha. Kikitoka tofauti anadhani amekosea. Siku hizi kipimo changu ni kimoja: kijitabu kikishafungwa, mtoto ana la kufanya na vile vifaa? Kama hana, hilo ni pambo. Na pale maelekezo yanapomtaka mtoto askani msimbo wa QR atazame video, simu inarudi mezani, wakati mimi nililipia boksi ili simu ikae pembeni.

Sasa usalama, na hapa naomba mzazi asipite haraka. Boksi moja lilikuwa na taa inayotumia betri ndogo bapa, zile za saa, na kifuniko chake kilifunguka kwa ukucha, bila skrubu. Betri hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama, na madhara mabaya yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata iliyochoka, isiyowasha taa tena, bado inaweza kuunguza. Ukihisi tu kwamba mtoto ameimeza, nenda hospitali hapohapo, usingoje dalili. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria mahususi kwa ajili ya betri hizi. Sumaku ndogo nazo ni hatari: mtoto akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na zinaweza kuutoboa.

Umri ulioandikwa kwenye boksi ni wa mwenye boksi. Mdogo wake anayetambaa chini ya meza hakuhesabiwa. Taa ile niliitoa nyumbani, nikaiandikia kampuni, wakanijibu kwa kunipa punguzo la mwezi uliofuata. Jibu hilo liliniuma. Nilitaka kusikia kwamba watarekebisha kifuniko.

Kuhusu malipo, elewa kwamba kadi inakatwa yenyewe kila kipindi kipya kikianza. Mwaka 2020 kampuni ya Age of Learning, inayomiliki programu ya watoto ya ABCmouse, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi ya mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliyodai kwamba wazazi hawakuelezwa vizuri juu ya kujirudia kwa malipo na walisumbuliwa walipotaka kujitoa. Kwa hiyo kabla hujaweka kadi, tafuta kwanza mahali pa kujitoa. Kwetu kitufe kilikuwepo, ila kilifichwa nyuma ya kurasa kadhaa za "una uhakika?".

Usajili nimeusitisha. Maboksi sijayaacha, nanunua moja moja, na jipya naagiza pale tu ninapoona la zamani limekaa bila kuguswa. Bei ya moja moja ni kubwa kidogo, nakubali. Kama kampuni unayoitaka haiuzi hivyo, waulize kama unaweza kuruka miezi bila kukatwa hela, na wakuandikie jibu hilo kwa barua pepe.