Duka la kopi la Michenzani: pitia hapa kabla hujaenda kujisajili chuo

Kama umepata chuo mwaka huu na vyeti vyako bado vimo kwenye bahasha ya kaki uliyotoka nayo skuli, pita kwanza kwenye duka la kopi lililo chini ya majumba ya Michenzani, hapa mjini Unguja, ukitokea upande wa Kisonge. Halina bango. Utalijua kwa baraza lake, maana msimu huu asubuhi huwa limejaa vijana walioshika mafaili. Mimi lilinisaidia nilipokuwa naingia mwaka wa kwanza chuo kikuu kule Tunguu, nje ya mji, na safari hii nimempeleka mdogo wangu aliyekuja na boti kutoka Pemba.

Kutoa kopi kila duka linatoa. Hapa kuna jambo ambalo sijaliona kwengine: bimkubwa anayekaa mbele haweki karatasi kwenye mashine mpaka aisome. Alichukua cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu, cheti cha fomu foo, matokeo ya fomu siksi na kitambulisho cha Mzanzibari, akavipanga mezani safu moja, kisha akapita na kidole jina kwa jina. Cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha skuli kinasema Mohammed. Babu kwenye kimoja ni Khamis, kwenye chengine ni Hamis.

"Mwanangu, hili litakurudisha dirishani," akamwambia. "Nenda kwa wakili leo hii akuandikie kiapo cha majina, halafu uje nikutolee kopi zote pamoja."

Tulikwenda, na jioni kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja kilikuwa mkononi. Fikiria lingegundulika Tunguu, foleni iko nyuma yako na wakili yuko mjini. Majina yetu huku ni matatu, la mtu, la baba na la babu, na kila karani huandika alivyosikia, kwa hivyo hakuna nyumba isiyo na tatizo hili. Jina likipishana haliishii chuoni: benki itakuuliza, na Bodi ya Mikopo itakuuliza. Kwa mtoto ambaye ada yake inategemea mkopo, herufi moja si jambo dogo hata kidogo.

La pili lililonipendeza: wanakataa kupiga plastiki vyeti halisi. Mteja mmoja aling'ang'ania, ana pesa yake mkononi, wakamkatalia. Sababu waliyompa ni kwamba plastiki ikishashika haibanduki, na anayekagua cheti anataka kukigusa na kukitazama nyuma na mbele. Wanakuuzia faili la mifuko ya plastiki, kila cheti na mfuko wake, basi.

Picha za paspoti wanapiga hapo hapo, pazia la buluu liko ukutani. Soma maelekezo yako ya kujiunga ujue chuo chako kinataka rangi gani na picha ngapi, kisha ongeza kidogo, kwani utaombwa nyengine dahalia na kwenye kitambulisho cha mwanafunzi. Fomu ya afya waambie waichapishe mwanzo kabisa, uiwahishe hospitali. Hiyo inataka daktari na muhuri, na haifanyiki usiku wa kuamkia safari.

Upande wa mtandao yupo kijana mmoja, mpole na mwenye subira. Alimuonesha mdogo wangu jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake ya chuo na kutoa namba ya malipo ya ada. Ilipofika kuandika neno la siri, alisukuma kibodi kwa mwenyewe akageuza uso kuelekea barabarani. Naliandika hili kwa makusudi. Kuna maduka mjini wanakufungulia akaunti kwa neno la siri wanalolijua wao, na siku ukitaka kubadili kitu inabidi urudi kwao ulipe tena. Usikubali.

Kuchagua kozi hawakuchagulii, hata ukiwaomba, na wako sahihi. Kozi za lazima zinajulikana, lakini za hiari ni mazungumzo yako na watu wa idara yako, na wiki ya kupokelewa ndiyo nafasi yake. Msiikose wiki hiyo kwa kudhani ni hotuba tu. Shahada huhesabiwa krediti 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi, za darasani na za kujisomea pamoja. Ukijua hesabu hiyo hutojaza kozi ovyo muhula wa kwanza, wala hutobakisha pengo ukaja kulilipa mwaka wa tatu. Ukishasajili, rudi dukani uchapishe ile karatasi ya kozi ulizosajili na uiweke.

Kasoro zipo. Kiti ni kimoja na feni ni moja, na mchana intaneti inazorota mpaka unakata tamaa. Risiti hawakupi mpaka uiombe. Kopi ni shilingi 100 ukurasa, picha nne shilingi 4,000. Kwenye picha nadhani wangeweza kupunguza kidogo, hasa kwa watoto wanaotoka Pemba ambao nauli imeshawamaliza. Lakini kuhusu ule ukaguzi wa majina hawatozi kitu, na mimi ningeulipia.

Nenda asubuhi, saa mbili wameshafungua. Ijumaa wanafunga kabla ya sala na hawarudi mpaka alasiri. Chukua vyeti halisi, usichukue kopi za kopi, na kama una cheti chochote cha zamani chenye jina lako, hata cha madrasa, kitie mkobani umuoneshe bimkubwa.