Uzoefu wangu na kituo cha wanyama cha huku kwetu: punda wangu kasimama tena

Alfajiri ya Jumanne nilitoka msikitini nikaenda zizini kumfunga Subira kwenye gari, nikamkuta kalala ubavu. Nikamwita, nikamgusa shingoni, akainua kichwa tu. Mguu wa mbele wa kulia hakutaka hata kuukanyagia. Mie ni mtu wa gari la punda, nabeba mchanga, mawe na magunia ya unga huku kaskazini ya Unguja, na punda wangu ni wawili tu: Subira na mwenzake Bahati. Punda akilala, nyumbani kwangu hapapikwi.

Jirani mmoja akaniambia, "Ushampoteza huyo. Kamwite mwenye kisu uuze ngozi." Mwengine akanishauri nimmwagie maji ya mwarobaini ningoje. Mke wangu ndiye aliyesema niende pale kituoni, kwa wale watu wa paka na mbwa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikipita pale kila siku na sijawahi hata kutoa salamu. Nilidhani ni pahala pa mbwa, basi nikitembea upande wa pili wa njia.

Nilipiga hodi kama saa moja na nusu asubuhi. Daktari ni binti wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho. Hakuniuliza pesa, hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliniuliza maswali matatu: amekula jana? Amekunya? Ana kidonda popote? Hapo kwenye kidonda nikanyamaza, kwa sababu begani, pale mkanda unapopita, Subira alikuwa na kidonda ambacho mie nilikizoea kukiona. Akachukua mkoba wake, akapanda pikipiki nyuma ya kijana wa kazi, wakanifuata hadi nyumbani.

Tatizo la mguu lilikuwa msumari. Ulikuwa umeingia chini ya ukwato siku nyingi, umevunjika ndani, na usaha umejijaza hauna pa kutokea. Daktari alikwangua ukwato taratibu kwa kisu chenye ncha iliyopinda, mpaka ukatoka uchafu mweusi wenye harufu. Akaniambia punda haoneshi maumivu kama mbwa au mbuzi. Anavumilia, anaendelea kuvuta, hadi siku anayoshindwa kabisa. Kwa hivyo ukiona punda wako kainamisha kichwa na masikio yamelegea, usiseme mvivu. Jambo hilo liliniuma, maana wiki nzima nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Akamchoma sindano ya pepopunda. Nikamwuliza, ugonjwa huo si wa watu? Akasema vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, vinaingia kwa tundu kama lile la msumari, na punda na farasi wanaupata kwa wepesi kuliko wanyama wengi. Neno nimelisema tangu utoto, nimelisikia hospitali kila mtoto akichanjwa, na sikuwahi kulisikiliza: punda yumo ndani ya jina.

Tulimpeleka kituoni jioni kwa gari ya mizigo ya jirani, kwa sababu kile kidonda kilitaka kuoshwa na ukwato kurowekwa maji ya moto yenye chumvi mara mbili kwa siku. Usiku wa kwanza hakula. Asubuhi yake pia hakula, majani yamekaa mbele yake hayajaguswa. Daktari akanipigia simu: "Kaka, mlete mwenzake." Nikasema, daktari, Bahati ndiye anayenilisha sasa hivi. Akanieleza bila ya ukali. Punda wakishazoeana wawili, kumtenga mmoja ni kumgonjesha zaidi. Na punda akiacha kula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, ini likashindwa, akafa kwa hilo na si kwa ule mguu. Basi nikampeleka Bahati. Subira alimnusa puani, akakoroma, na kabla ya magharibi alikuwa anatafuna. Bahati alilala pale siku nne. Nilipoteza mizigo ya siku nne na sijuti hata moja.

Sasa nimseme mzee wa zizi, kwa sababu bila ya yeye kituo kile kingekuwa dawa tu. Ni mtu mzima, kazi yake ni kufagia, kukata majani na kuosha vidonda. Siku ya tatu alikuwa anamsafisha Subira begani, mie nimeshika hatamu, akanisimulia ile hadithi ya ngamia aliyemwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akalia machozi, na Mtume akampangusa nyuma ya masikio, kisha akamwita mwenye ngamia akamwambia amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyemmilikisha, maana amemshtakia kwamba anamtia njaa na kumchosha. Mzee alimaliza, akakamua kitambaa, akasema, "Nishikie vizuri, mwanangu, hapa pataumia." Hakunitazama. Sikulala vyema usiku ule.

Kitu kilichonifaa kuliko dawa zote ni mafunzo ya kufunga gari. Mie nimefundishwa na baba, na baba alifundishwa na babake, tukajiona tunajua. Mzee akaniambia nilete gari langu pale, akapakia mawe, akanionesha. Mzigo ukikaa mbele mno, uzito wote unamlalia punda mgongoni. Ukikaa nyuma mno, mikono ya gari inanyanyuka na mkanda unamkaba tumboni. Inatakiwa mikono ukiinua kwa vidole viwili inuke. Kisha tukashona mto mpya wa begani: turubai kwa nje, ndani usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, uliochambuliwa vizuri, na upande unaogusa ngozi kanga kuukuu ya mke wangu iliyokunjwa mara nne. Kanga hiyo hufuliwa, maana jasho likikauka na vumbi ndilo linalokwangua. Mkanda wangu wa zamani wa mpira wa tairi niliutupa pale pale. Na kwato, nilikuwa nazikata zikishapinda. Sasa naenda kila baada ya miezi miwili, kijana anazikata.

Gharama. Subira alikaa wiki tatu na ushei, na nilipouliza deni nikaambiwa nilipie dawa tu, shilingi 20,000, na kama sina nilete polepole. Nililipa kwa mara mbili. Kuna kasha la sadaka mlangoni, hapana anayekusimamia unatia kiasi gani.

Najua wengi wetu kinachotuzuia ni mbwa. Sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, mbwa tunajua hukumu yake: ni najisi. Nilimwuliza yule dada anayewalisha, kwa sababu nilimwona saa ya adhuhuri yumo kwenye safu ya sala. Akanionesha: mbwa wana upande wao nyuma, wana nguo zao za kazi, na pana karai la udongo safi na mfereji, huosha mara saba, moja kwa udongo, wakabadilisha, wakaenda kusali. Paka na punda wako upande wa mbele, hupiti kwa mbwa hata kidogo. Hilo peke yake nataka watu walijue.

Na hao mbwa wanachanjwa kukinga kichaa cha mbwa. Mwezi wa Ramadhani mtoto wa mtaa wa pili aling'atwa na mbwa wa njiani. Mamaye akakimbilia pale kwa sababu ndipo karibu. Hawakujifanya hospitali. Walimweka mtoto chini ya mfereji, wakaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, mtoto analia, kisha wakawatafutia gari wakawapeleka hospitali kuchomwa sindano siku ile ile. Mama alitaka kumpaka mafuta ya taa na pilipili, kama tulivyokuwa tukifanyiwa sisi. Kijana mmoja wa pale ni Mpemba, yeye hachoki kuhadithia jinsi Pemba walivyochanja mbwa vijiji vizima hadi kichaa kikakatika mwaka 2014, kikaingia tena 2016, wakachanja tena hadi kikatoweka. Anasema bahari iliwasaidia, lakini uchanjaji ndio uliofanya kazi.

Mapungufu yapo. Daktari ni mmoja, akienda shamba unangoja, na mie siku moja nilingoja tangu saa mbili hadi alasiri. Kiangazi mfereji ukikauka wanateka maji kwa ndoo kutoka kisimani, na zizi la punda halina paa la kutosha, mvua ya masika inaingia upande mmoja. Hakuna kibao njiani, mgeni hapaoni. Usiku mbwa wakibweka majirani wanalalamika, na wana haki yao.

Lakini nimeona mtaa unavyobadilika. Wanawake wa sokoni sasa wanaweka vichwa vya samaki kwenye ndoo kwa ajili ya paka, mtoto anapita kuichukua akitoka skuli. Fundi seremala alitoa mbao za mlango bila ya kuombwa. Mangariba wa miguu ya punda, nisamehewe kwa neno hilo, wale waliokuwa wakimchoma punda moto akichechemea, siku hizi wenyewe wanawaleta. Tumezoea kusema punda afe mzigo wa bwana ufike. Subira hakufa, na mizigo imefika: tangu arudi kazini hajakosa siku, nampumzisha saa sita hadi jua lipungue, na kidonda cha begani kimeota manyoya meupe.

Ukitaka kwenda, nenda kabla ya saa nne. Mnyama wako mlete kwa kamba ya shingoni, si ya mdomoni. Ukiwa huna gari piga simu mapema, watakuja. Ukiwa na kidonda ulichokizoea kukiona, kiseme mwenyewe, hawatakusuta.

Mie Jumamosi hii napeleka mchanga wa kujaza zizi upande ule unaoingia maji. Mwenye mabati ya zamani, pumba au makumbi yaliyomzidi anipigie hodi Ijumaa baada ya sala. Gari lina nafasi, na nitalipakia kwa vidole viwili.