Suti ya baba kutoka kwa fundi Mkongomani wa Kibuye, Kisumu

Kwanza bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Kushona suti nzima, koti na suruali, ni shilingi 4,500. Kitambaa unaleta mwenyewe. Sisi tulinunua mita tatu na nusu za kijivu kilichokoza, shilingi 850 kwa mita, kwa hiyo jumla haikufika 7,500. Vifungo na bitana vinatoka kwa fundi, na kuhusu hiyo bitana nina neno, nitalifikia.

Aliyetupeleka huko ni baba mwenyewe. Ndugu yangu mdogo alikuwa anaoa, na mzee hajawahi kuelewana na tai. Miaka yote aliyofanya kazi relwe alivaa shati na sweta. Tulipomuuliza harusini atavaa nini akasema, "Mimi mnishonee ile ya Mobutu," yaani yule aliyekuwa rais wa Kongo, akaanza kuonyesha kifuani kwa kidole mahali pa mifuko. Nikamwambia hiyo ni suti ya Kaunda, yule rais wa kwanza wa Zambia, zimejaa kote siku hizi, hata Rais Ruto anazivaa. Akakataa katakata. Ya Kaunda, kwake, ni nguo ya chifu. Anataka ile yenye kola iliyosimama vizuri, inayokaa mwilini, unayoweza kufunga skafu ndogo shingoni ukiwa na madaha. Wenyewe wanaiita abakosti.

Fundi ana chumba kimoja ghorofani, upande wa soko la Kibuye, ukiwa unatoka mjini kwenda Kondele. Ngazi ni nyembamba na zina giza, mwenye magoti mabaya aende polepole. Ndani kuna cherehani mbili, moja ya stima na moja ya miguu kwa siku ambazo stima imepotea, meza ndefu ya kukatia, na pasi ambayo haipoi. Ni mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, amefika makamo, na Kiswahili chake ni kile cha huko. Mzee alimwita Fundi, yeye akamwita mzee Papa, na tangu hapo mimi nikawa mtu wa kubeba mkoba tu.

Nimeona mafundi wengi wakipima. Huyu hakushika futi mara moja. Alimwambia mzee atembee mpaka dirishani na kurudi, kisha akae, kisha anyooshe mkono kama anayesalimia. Akaona kitu ambacho sisi watoto wake hatujawahi kukiona: bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Akaandika kwenye daftari, akachora na mshale. Koti lilipokuja, bega hilo lilikuwa limejazwa kidogo kwa ndani, na mbele ya kioo mzee alisimama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mifuko minne imebandikwa kwa mshono wa mistari miwili inayokwenda sambamba mpaka kwenye kona, bila kupinda. Kola ina kitambaa kigumu ndani, imesimama bila kumkaba. Jamani, kwa mshono peke yake ningewapeleka wote.

Lakini ukienda pale hutapewa nguo tu. Juu ya meza ya kukatia kuna kioo, na chini ya kioo, pembeni karibu na boksi la chaki, kuna noti moja ya zaire milioni tano, pesa ya Kongo enzi za Mobutu, nchi yenyewe ikiitwa Zaire. Mzee aliinama kuisoma, akahesabu sifuri kwa ukucha. Mobutu yuko kwenye noti hiyo amevaa gwanda la kijeshi. Nilicheka mwenyewe kimoyomoyo: nchi nzima aliivalisha abakosti, halafu kwenye pesa akabaki jenerali.

"Ulikuwa na pesa nyingi, Fundi," mzee akatania.

"Ile haikununua kitu, Papa. Wafanyabiashara balikataa kuipokea." Ilikuwa Januari 1993. Wanajeshi walilipwa kwa noti hizo, maduka yakazikataa, na wao wakageukia maduka kwa bunduki. Na haikuwa mara ya kwanza, maana Septemba 1991 walikuwa wameshapora Kinshasa kwa sababu ya mishahara. Mwaka huohuo wa 1993 serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Ile noti chini ya kioo ikawa haitoshi hata kupata zaire mpya mbili. Yeye anaitumia kushikilia karatasi ya oda isipeperuke.

Sasa, mzee wangu ana Mobutu wake, na si huyo wa 1993. Wake ni wa 1974. Pigano la Muhammad Ali na George Foreman lilianza Kinshasa alfajiri ya saa kumi, kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, na Foreman akalala raundi ya nane. Kila bondia alikuwa ameahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya mpango huo. Kwa vijana wa relwe waliokuwa wanacheza rumba ya Wakongomani kila mwisho wa mwezi, huyo alikuwa Mwafrika aliyewaambia Wazungu watoke na tai zao. Picha zake kwenye magazeti, kofia ya chui, fimbo mkononi, zilikuwa kitu cha kukata na kubandika ukutani. Mzee aliyaeleza haya yote huku amenyoosha mikono, fundi akimpima kifua.

Fundi akamaliza kuandika inchi zake, ndipo akajibu. "Papa, weye ulimuona ku gazeti. Siye tulikuwa naye ku nyumba."

Hakupandisha sauti. Akaendelea na kiuno. Na kadiri alivyopima ndivyo habari zilivyotoka, kipande kwa kipande. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hakuruhusiwa kuingia darasani na koti na tai. Abakosti haikuwa mtindo wa watu kuchagua. Zilikuwa za kazi, za Jumapili na za mikutano ya chama. Akina mama nao vitenge, suruali hapana. Fundi alizaliwa katika miaka ambayo majina ya Kizungu yalikuwa marufuku, tangu 1972, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo alitishiwa miaka 5 gerezani. Jina lake la ubatizo lilikaa kichwani mwa mama yake tu mpaka akawa mkubwa. Rais mwenyewe alianza kwa kuacha Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Fundi alilitamka lote bila kumeza, jinsi walivyolikariri shuleni.

Mimi nilisoma historia ya sekondari na kuisahau, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikaanza kupekua. Mobutu alikuwa Luteni Jenerali alipotwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965, akasema anahitaji miaka mitano. Juni mwaka uliofuata wanasiasa wanne walinyongwa hadharani mbele ya umati, mmoja wao Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mwaka 1967 akaunda chama chake, MPR, na baadaye kila raia akahesabiwa mwanachama, apende asipende. Kijijini kwao Gbadolite akajijengea kasri na uwanja wa ndege ambapo hata Concorde, ile ndege ya kasi kupita sauti, iliweza kutua. Miaka mitano ikafika thelathini na moja na ushee, mpaka Mei 1997, alipokimbia waasi wa Laurent Kabila wakiwa wanakaribia Kinshasa. Akafia Rabat, Morocco, Septemba mwaka huohuo. Fundi alikuwa ameshaondoka Bukavu vita vilipoingia mwishoni mwa 1996, akapitia Uganda, mkasi wa mjomba wake ndani ya begi. Mjomba huyo ndiye aliyemfunza, na mjomba alishona abakosti za wakubwa wa mkoa.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo wateja wengi hawalioni. Koti likiwa tayari, angalia juu ya mfuko wa kifua, kushoto. Kuna mkato mfupi uliozungushiwa uzi kama tundu la kifungo, lakini hakuna kifungo chochote kinachoelekea hapo. Nilidhani ni kosa, nikamuuliza. Akasema hapo ndipo wakubwa wa chama walipobandika beji yenye sura ya Mobutu. Mjomba wake alitia tundu ili pini isiharibu kitambaa. Yeye amelitia kwenye kila koti tangu ajifunze, mkono unalitia wenyewe. "Ukitaka nalifunga, Mama." Mzee akasema liachwe, litashika kalamu.

Sikupenda. Nawaambia ukweli, nilitaka lifungwe, na tukabishana mpaka stendi ya matatu za Luanda. Hoja yangu ilikuwa kwamba tundu la beji ni tundu la beji hata likiwa na kalamu. Hoja ya mzee: nguo haina kosa, na yeye amelipia, na hakuna polisi wa kumwangalia shingoni. Hapo kwa polisi alinipata kidogo. Baba yake fundi hakuwa na nafasi ya kusema leo nitavaa nyingine. Mwaka 1990, Mobutu aliporuhusu vyama vingi, na tai zikaruhusiwa pamoja navyo, yule mwalimu alitoa sandukuni tai moja iliyoliwa na nondo akaivaa hivyohivyo, mashimo na yote. Fundi alisimulia hilo akicheka mpaka akaondoa pini mdomoni asije akazimeza.

Sisi huku tuna vituko vyetu. Novemba 2023 Spika Wetang'ula, mtu wetu wa Bungoma, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais anazivaa kila wiki. Zaire jenerali alikataza tai, Nairobi Spika anakataa koti lisilo na tai. Mzee akivaa hii ya kwake hawezi kuingia Bunge, ingawa kusema kweli hajawahi kualikwa.

Haya, kasoro. Muda kwanza. Aliniambia Ijumaa, ikawa Jumatano ya wiki iliyofuata, na kila nikipiga simu niliambiwa kumebaki vifungo tu. Vifungo gani vinashonwa siku tano? Kama una harusi Jumamosi, mpe fundi huyu tarehe ya uongo, ya mapema. Pili, hakuna pazia la kubadilishia nguo. Mzee alijaribu suruali nyuma ya mlango huku mimi nimeushika na mteja mwingine anagonga. Tatu ni bitana. Aliyotia ni ile nyembamba inayong'aa, inayonasa kwenye shati na kupiga kelele ukiinua mkono. Kwa joto la Kisumu saa nane mchana inakuwa kama umevaa mfuko wa nailoni. Koti zuri namna hii lilistahili bitana ya pamba. Nilipomwambia alikubali mara moja, akasema watu wanataka bei ya chini na yeye anapunguza pale pasipoonekana. Jibu la haki, lakini angeniuliza kabla.

Suruali haina neno. Ameacha kitambaa cha kutosha ndani ya pindo na kiunoni, kwa hiyo mzee akinenepa inafunguliwa. Kuipunguza au kuipanua baadaye ni bure ndani ya mwaka mmoja, ameandika hivyo nyuma ya karatasi ya oda na kutia sahihi. Malipo ni nusu kwanza, nusu ukichukua, taslimu au M-Pesa. Jumapili hafungui kabla ya misa kwisha. Vipimo anavitunza kwenye daftari lile lenye mishale, kwa hiyo ukirudi si lazima uje na mwenye nguo.

Nampa nyota nne. Mzee ameshaagiza ya pili, ya mikono mifupi, ya kuvaa kwenye vikao vya kanisa, na tundu amesema liwepo. Safari hii bitana nanunua mimi.