Fluo-4 AM katika unyevu wa Bagamoyo: uzoefu wangu

Kama unachotaka ni kujua iwapo kalsiamu imepanda ndani ya seli hai, na imepanda lini, nunua Fluo-4 AM, kitambuzi kinachong'aa kikishika kalsiamu, bila wasiwasi. Kama unataka kiwango kamili cha kuandika kwenye jedwali, nina maneno zaidi huko chini.

Naitumia kwenye seli nyeupe za damu, hasa seli T, hapa Bagamoyo. Mji huu umezoea utafiti wa malaria. Ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S. Seli T ikiamshwa, kalsiamu ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika. Iliyotulia ina kalsiamu ya nanomola 100 hivi tu kwa lita, ilhali majimaji yanayoizunguka yana zaidi ya milimola 1, yaani mara 10,000 na zaidi. Mlango mdogo ukifunguka, kitambuzi kinang'aa, na mimi kila nikiuona mstari ule ukipanda kwenye skrini nafurahi kama siku ya kwanza.

Siri yake iko kwenye hizo herufi AM. Fluo-4 yenyewe ina chaji hasi nyingi, utando wa seli hauipitishi. Esta za AM, yaani vifuniko vya kikemia vilivyobandikwa juu yake, huzifunika chaji hizo. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli huzikata esta na kitambuzi kinabaki ndani. Kikishika kalsiamu, mng'ao wake huongezeka zaidi ya mara 100. Leza ya nanomita 488 na kichungi cha kijani kinachotumika kwa rangi ya FITC, ambavyo maabara nyingi tayari wanavyo, vinatosha.

Lakini esta hizo hizo ndizo zinazotusumbua sisi wa pwani. Maji huzivunja, na kilichovunjikia nje ya seli hakiingii tena. Wakati wa masika, ukitoa kichupa kwenye friza ya -20 ukakifungua hapo hapo, unyevu wa hewa unaganda ndani yake. Kiweke kwanza kwenye chombo chenye silika jeli, gizani, kipoteze baridi, ndipo ufungue. Na chukua pakiti ya vichupa 10 vya mikrogramu 50, hata kama kichupa kimoja kikubwa kinaonekana nafuu. Kimoja kwa mikrolita 45 hivi za DMSO kavu (kiyeyushi kisicho na maji) kinakupa milimola 1. Kitumie siku hiyo hiyo. Mimi cha jana sikigusi.

Joto nalo liangaliwe. Miongozo ikisema joto la chumba ina maana ya nyuzi 20 hadi 25, na Bagamoyo mwezi wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi hupita 30. Ukiziingizia seli kitambuzi kwenye joto kali, hujipenyeza hadi kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na ulichokusudia kupima ni majimaji ya seli. Pluronic F-127 kidogo, aina ya sabuni laini, husaidia kitambuzi kiyeyuke vizuri. Kikianza kuvuja kutoka kwenye seli, ongeza probenesidi, dawa inayozuia seli kukitoa nje.

Sasa kile kiwango kamili cha kwenye jedwali. Fluo-4 hupimwa kwa wimbi moja, kwa hiyo seli inayong'aa zaidi huenda imemeza kitambuzi kingi tu. Fura-2, kitambuzi kingine cha kalsiamu, iliyotoka kwa Roger Tsien na wenzake mwaka 1985, humulikwa kwa nanomita 340 na 380, na uwiano wa mng'ao unaondoa tatizo hilo. Ila inataka taa ya urujuanimno, na hiyo si kila maabara inayo. Kwa Fluo-4, kila mwisho wa sampuli mimi huweka ayonomisini, inayoipitisha kalsiamu kwenye utando, pamoja na kalsiamu nipate mng'ao wa juu kabisa, kisha EGTA, inayoinasa kalsiamu, nipate wa chini, na kukokotoa kwa Kd (kiwango cha kalsiamu ambapo nusu ya kitambuzi imeishika) ya nanomola 345. Bila hatua hizo andika tu mng'ao umeongezeka mara ngapi kuliko mwanzo. Nimesoma ripoti zinazotaja nanomola bila kueleza zilivyopatikana, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa aliyetoa damu yake anastahili kipimo cha kweli.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitilii mkazo: kitambuzi hiki hushika pia zinki na metali nyingine nzito. Weka TPEN, ambayo huing'ang'ania zinki kwa nguvu na kalsiamu kwa udhaifu. Mng'ao ukishuka ghafla baada ya hapo, huo ulioshuka usiuite kalsiamu.